Stain siyo doa tu: maneno ya Kiingereza ya rangi inayoingia ndani

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ukatafuta "stain" unakuta doa, waa, tia doa, basi, hapo ndo mwisho. Siyo jibu la uongo ila ni fupi mno, na huku kwetu nyanda za juu kusini huo ufupi unawagharimu watu, maana hili neno tunakutana nalo kila kona, kwenye makopo ya rangi ya mbao, kwenye mikataba ya wanunuzi wa paini pale Mafinga, kwenye madaftari ya wanafunzi wa maabara Mbeya, kwenye lebo za nguo, mpaka kwenye visu vya jikoni. Mimi kazi yangu hapa Iringa ni kutafsiri lebo na maelekezo ya matumizi, na nimekaa nalo muda mrefu hili neno pamoja na ndugu zake kina dye, tinge, taint, tarnish, smear, blot na soil, nikaona niyaandike yote sehemu moja, maana ni ukoo mzima na kila mmoja ana kazi yake.

Msimamo wangu nauweka mapema kabisa. Ukitaka kuyaelewa haya maneno usianze na usafi na uchafu, anza na swali la fundi: hiyo rangi imeingia ndani au imekaa juu? Stain ni rangi iliyoingia. Kama imeingia kwa bahati mbaya, kama imeingizwa kwa makusudi, kama ni kitu kizuri au kibaya, hayo yote sentensi nzima ndo inakwambia, neno lenyewe linasema tu kwamba imezama na haitoki kirahisi.

Nianze na Mafinga kwa sababu pale neno hili lina maana mbili zinazogombana ndani ya karakana moja. Ukiangusha paini ukaliacha gogo limelala shambani kipindi cha mvua, au ukapasua mbao mbichi ukazipanga zimebanana bila kuweka vijiti vya kupitisha hewa katikati, baada ya muda utaona michirizi ya bluu yenye ukijivu inatokea upande ule wa karibu na gome. Hiyo kwa Kiingereza inaitwa "blue stain". Ni kuvu. Nyuzi zake zenyewe zina rangi ya giza na zinaingia kwenye seli za mbao kutafuta sukari na wanga uliobaki mle, ndo maana ukipiga randa haiishi, unatoa ganda la juu unakuta bado bluu, unaendelea bado bluu. Ila sikiliza hapa vizuri: kuvu hii haili ile sehemu ngumu ya mbao inayobeba uzito, kwa hiyo mbao yenye blue stain nguvu yake karibu iko palepale, ni tofauti kabisa na mbao iliyooza, ambayo kwa Kiingereza utaona "rot" au "decay". Ukiisoma "stain" ukaelewa uozo unatupa mbao nzuri ya kuezekea, na ukiisoma "rot" ukaelewa doa unapandisha juu ya paa kitu ambacho kitakuja kuwaangukia watu. Kinga yake kubwa ni kukausha haraka, maji ndani ya mbao yakishashuka chini ya asilimia 20 hivi kuvu haina tena maisha. Mnunuzi wa samani anaikataa kwa sababu ya sura, na pia kwa sababu mbao iliyoingiliwa inanyonya maji kuliko mwenzake, lakini kwa kenchi ambazo zitafichwa na silingibodi sioni sababu ya mtu kuuza kwa bei ya kutupa.

Alafu hapohapo, mita chache pembeni, kuna kopo limeandikwa "wood stain", na hii watu wanainunua kwa hela yao. Ni rangi nyepesi inayotiririka, unaipaka na kitambaa au brashi, inazama kwenye nyuzi, unafuta iliyobaki juu, na ile mistari ya asili ya mti inabaki inaonekana, tena inaonekana zaidi kuliko mwanzo. Rangi ya kawaida, "paint", inakaa juu na kufunika. Vanishi nayo inakaa juu ila ni angavu, kazi yake kubwa ni kulinda. Ndo maana mpangilio hauna mjadala, unaanza na msasa, inafuata stain, unaacha ikauke, vanishi inakuja mwisho, na mtu akipaka stain juu ya vanishi itateleza na kufutika kwa sababu mlango wa kuingilia ushafungwa. Paini ina tabia nyingine ngumu, inanyonya bila usawa, sehemu laini inakunywa sana na sehemu ya mstari mgumu inakataa, unapata mabaka, na kopo litakuonya kwa neno "blotchy". Dawa ya hapo mafundi wengi wanaijua, unapitisha kwanza sanding sila iliyoongezwa thina nyingi, inapunguza kiu ya mbao, ndo unakuja na rangi yako.

Fundi mmoja ninayemheshimu sana aliniletea karatasi mbili siku moja, moja ya mnunuzi wa mbao na nyingine ya mteja wa makabati. "Dada, huyu anasema hataki stain kabisa, na huyu anasema niweke stain mara mbili, sasa hawa si wanataka mbao ileile?" Swali zuri sana lile na jibu lake liko kwenye maneno ya jirani. "Free from stain" kwenye mkataba wa mbao inaongelea kuvu na michirizi iliyojiingilia yenyewe. "Apply two coats of stain" inaongelea kopo. Ukiona kitenzi cha mtu kufanya, kina apply, wipe, brush, hiyo ni kazi ya mkono. Ukiona kina free from, show, resist, hiyo ni ajali ya asili.

Na pale pale Mafinga kuna mbao na nguzo zilizotiwa dawa, unaziona zina ukijani fulani kwa sababu kwenye dawa kuna shaba. Ule ukijani haiitwi stain, wanaita "tinge", yaani rangi kidogo tu juu ya rangi nyingine, kama weupe wenye uwekundu kwa mbali. Tinge ni neno la kipimo, linasema kidogo. Linatoka kwenye Kilatini "tingere", kuchovya, na humohumo limetoka tint, na limetoka tincture, ile tinkcha ya ayodini ya kupaka kwenye kidonda ambayo inakuachia ngozi ya kahawia siku mbili. Stain yenyewe imepitia Kifaransa cha zamani, kwenye neno lililokuwa na maana ya kuondoa rangi, likakutana na neno la watu wa Skandinavia la kupaka rangi, vikachanganyika. Kwa hiyo tangu utoto wake limebeba kutoa na kutia kwa pamoja, mimi hilo silishangai tena nikiona linavyofanya kazi Mafinga.

Sasa tuje Mbeya, maabara, ambako kwangu mimi ndo neno hili linafikia heshima yake kubwa. Mdogo wangu anasoma mambo ya maabara kule, akanipigia jioni, "Dada, kwani smear na stain siyo kitu kimoja? Maana mwalimu anasema prepare the smear, alafu anasema stain the smear." Hapana mdogo wangu, siyo kimoja. "Smear" ni kile ulichopaka kwenye slaidi, makohozi au tone la damu lililotandazwa jembamba. Kitendo chake ni kutandaza kitu cha majimaji au cha mafuta juu ya kitu. "Stain" ni rangi unayomwagia baadaye ili iingie kwenye vijidudu na uvione kwa darubini. Smear inakaa juu ya kioo, stain inaingia ndani ya mdudu. Ni lile swali langu la mwanzo.

Watu wengi hawajui kwamba bakteria ukiwatazama bila rangi karibu hawaonekani, ni viumbe angavu ndani ya maji angavu. Robert Koch alipotangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu, sehemu kubwa ya ushindi wake ilikuwa ni kufanikiwa kumtia rangi, kwa sababu huyu mdudu ana ganda lenye nta, anakataa rangi za kawaida. Muda mfupi baadaye Franz Ziehl na Friedrich Neelsen wakaiboresha ile njia, na mpaka leo inaitwa kwa majina yao. Unamwaga rangi nyekundu ya kaboli fuksini, unapasha moto kwa chini mpaka mvuke utoke, joto linaisaidia rangi kupenya ile nta. Alafu unamwaga asidi yenye spiriti. Kila kitu kingine kwenye slaidi kinapoteza wekundu, mdudu wa kifua kikuu hapotezi, ameshika. Mwishoni unaweka methilini bluu ili vilivyobaki vipate rangi nyingine, hiyo ya mwisho wanaiita "counterstain", rangi ya kupambanisha. Unaangalia unaona vijiti vyekundu kwenye uwanja wa bluu.

Na huyo mdudu anaitwa "acid-fast". Hapa wanafunzi wengi wanaandika kwenye madaftari kwamba ni wa haraka kwenye asidi, na inaniuma kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba "fast" ya zamani ni imara, iliyoshika, isiyobanduka. Ndo hiyohiyo iko kwenye "fasten" ya kufunga mkanda, na ndo hiyohiyo iko kwenye lebo ya kitenge, "fast colours", rangi isiyochuja. Mwanafunzi akishajua kwamba mdudu wa kifua kikuu na kitenge kizuri vinasifiwa kwa neno moja, hata akiamshwa usiku wa manane hataikosa.

Mtu mwingine wa rangi za maabara ni Hans Christian Gram, mdenmaki aliyekuwa akifanya kazi Berlin, mwaka 1884 alikuja na njia ya rangi ya zambarau, ayodini, na spiriti. Wanaobaki na zambarau wanaitwa Gram positive, wanaoipoteza wanaitwa Gram negative, na mpaka leo daktari akiambiwa mgonjwa ana yupi anaanza kufikiria dawa tofauti. Ile "positive" na "negative" haisemi kwamba mdudu ni mzuri au mbaya, wala haisemi kwamba ameonekana au hajaonekana, inasema tu amebaki na rangi ya kwanza au hakubaki nayo. Mgonjwa anayesoma karatasi yake nyumbani akaona "Gram negative" akafurahi kwamba hana ugonjwa, huyo ameponzwa na neno, na nafikiri sisi tunaotafsiri tuna wajibu hapo.

Malaria nayo inatafutwa kwa rangi, ile ya Gustav Giemsa wa Hamburg, ya mwaka 1904, kiini cha mdudu kinatoka chekundu na mwili wake bluu. Na hapa kuna historia ambayo naipenda kuliko zote kwenye mada hii. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 London, William Henry Perkin, alikuwa anajaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na vitu vinavyopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi, na alipousafisha kwa spiriti akaona rangi ya zambarau inayoshika hariri vizuri sana. Ndo ikaanza biashara ya rangi za viwandani, na kwenye viwanda vya namna hiyo Ujerumani ikazaliwa methilini bluu mwaka 1876, iliyokusudiwa nguo. Madaktari wakaichukua wakaipeleka kwenye darubini. Alphonse Laveran alimwona mdudu wa malaria Algeria mwaka 1880 bila rangi, kwa jicho la subira kubwa, lakini ni hizi rangi za nguo ndo zilizomfanya aonekane na kila fundi wa maabara duniani. Na mwaka 1891 Paul Ehrlich na mwenzake wakaijaribu methilini bluu kama dawa yenyewe kwa wagonjwa wa malaria, wazo likiwa kwamba kama rangi inamchagua mdudu na kumwingia basi labda inaweza kumdhuru bila kumdhuru mtu. Mtu alitafuta dawa ya malaria akapata rangi ya gauni, na rangi za namna hiyo zikarudi kumfichua mdudu wa malaria. Sasa niambie kama "doa" inatosha kubeba hayo yote.

Tofauti ya dye na stain ndo inaulizwa sana. Dye ni rangi ya kuchovya nguo, uzi, nywele, na inatakiwa ishike yote kwa usawa. Kikemia dye ileile ikienda kwenye slaidi inabadilika jina inakuwa stain, ndo maana usitafute mpaka wa kikemia, mpaka uko kwenye kazi. Milulu ya vikapu vya Iringa ikichemshwa kwenye rangi, hiyo ni dyeing. Na wachovyaji wa rangi za asili wanatumia shabu ili rangi ishike, kwa Kiingereza shabu kwenye kazi hiyo inaitwa "mordant", kutoka Kifaransa cha kuuma, yaani kitu kinachoing'atisha rangi kwenye uzi. Ayodini kwenye njia ya Gram nayo inaitwa mordant, ileile kazi. Rangi ikichuja kwenye maji na kuharibu nguo za wenzake, Kiingereza kinasema "bleed", kwa hiyo lebo ikisema "may bleed" haina habari ya damu, inakwambia fua peke yake. Ikipauka kwa jua ni "fade".

Za bahati mbaya sasa. Mtu wa Tukuyu hahitaji kufundishwa utomvu wa mgomba. Ukiwa mbichi hauonekani, unatoka shambani umefurahi shati yako safi, ukipata hewa unageuka kahawia unaenda mpaka weusi, na ndo maana kila nyumba ina nguo za kukatia ndizi. Chai ya Mufindi na Rungwe inafanya kazi inayofanana na hiyo polepole kwenye kikombe, ni zile tannini, kemikali za mimea zinazoleta ukakasi mdomoni, na tannini zikikutana na chuma zinatoa weusi kabisa, ndo siri ya wino wa zamani wa Ulaya na ndo sababu msumari kwenye mbao mbichi ya mkaratusi unaacha duara jeusi. Kwenye sabuni na dawa za madoa angalia maneno mawili. "Stain remover" inajaribu kuitoa rangi iliyoingia. "Bleach" inaua rangi, ya doa na ya nguo yako pia, haichagui. Na ukiona "do not set the stain" wanamaanisha usiigandishe ikashika, damu kwa mfano ukiiwekea maji ya moto protini zake zinaganda kwenye uzi na umeipoteza hiyo shuka. Udongo wetu mwekundu wekundu wake ni wa chuma, kwa hiyo jiki haikusaidii, mafundi wa kufua wanaojua wanaenda kwenye vitu vichachu kama limau.

"Stainless" ya sufuria na visu ni ya mwaka 1913, Harry Brearley wa Sheffield alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika, akaweka kromiamu nyingi, akapata chuma kisichokubali kutu. Kromiamu inatengeneza ngozi nyembamba sana juu na ukiikwaruza inajitengeneza tena. Yeye mwenyewe alianza kwa kukiita cha bila kutu, "rustless", hilo jina la stainless lilitoka kwa mtu wa viwanda vya visu aliyeona siki haikiachii alama. Kwa hiyo stainless maana yake siyo kwamba haichafuki kabisa, iache na chumvi iliyolowana usiku kucha uone vidoa vyake.

Upande wa heshima ya mtu ndo naona waandishi wetu wanachanganya zaidi, kila kitu wanaweka "kuchafua jina". "Smear" ni kupakazia, kuna mtu ana nia mbaya na mara nyingi ni uongo. "Tarnish" ni mng'ao kupotea taratibu, ni neno la fedha na shaba nyekundu, na kwa kuwa vyombo hivyo vinasuguliwa vikang'aa tena, jina lililo tarnished bado lina matumaini. "Stain" imeshaingia, haitoki kirahisi, na kawaida tendo lenyewe lilitokea kweli. "Blot" ni tone la wino kwenye ukurasa safi, kosa moja kwenye rekodi nzuri. "Taint" ndo nzito kuliko zote, maana yenyewe haionekani. Nyama iliyo tainted unaweza kuiangalia ukaipenda, ushahidi ulio tainted unaweza kuwa wa kweli ila ulipatikana kwa njia mbovu, na hakimu anaweza kuutupa wote. Ukitafsiri taint kwa doa umemwambia msomaji aangalie kwa macho kitu ambacho macho hayakioni, mimi huwa naandika "imeingiwa na ubovu" au "haiaminiki tena" kutegemeana na jambo.

Nimalizie na "soil", kwa sababu Iringa na wekundu wake kila mtu anadhani anaijua. Soil nomino ni udongo, sawa. Soil kitenzi ni kuchafua, na yametoka kwenye mizizi tofauti, hiki kitenzi kimetoka kwenye Kifaransa cha zamani cha kugaagaa kwenye tope kama nguruwe, yamefanana sura tu. Kwa hiyo mfuko wa hospitali ulioandikwa "soiled linen" hauna shuka zenye vumbi la barabara ya Ruaha. Una shuka zenye kinyesi, mkojo, damu au matapishi, na anayezibeba kwenda kufuliwa anatakiwa avae glavu na aproni kabla ya kuugusa, na hilo liandikwe kwa Kiswahili kwenye mfuko wenyewe, "shuka zenye uchafu wa mwili", kwa herufi kubwa, siyo kwenye mwongozo uliofungiwa kabatini.